Mnyamwezi Bila Mzigo

Mzee Pazi amekufa, na sisi tulipigiwa simu kabla ya nduguze walioko Dar es Salaam. Mjane wake, Bi Mwanaidi, hakulia. Alisema, "Shoga yangu, mtani wenu katutoka. Njooni mfanye kazi yenu." Nilijua kazi yenyewe. Mzaramo akifa lazima apatikane Mnyamwezi wa kumsimanga, avae nguo zake, amwigize alivyokula na alivyotembea, watu wacheke katikati ya kilio. Bila hivyo msiba unapooza kama uji wa jana. Na hapa Toronto, kwa watu wa Pazi, Wanyamwezi ni nyumba yetu tu. Mwanangu Maganga alikuwa sebuleni anavaa viatu vya kazini. Nilipomwambia alikaa na kiatu kimoja mguuni, akasema, "Mwambie na Kabula." Tangu binti yake aondoke nyumbani hajawahi kunituma nimwambie Kabula chochote. Nikapiga. Kabula alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, yeye ambaye humjibu kila mtu kwa Kiingereza: "Bibi, lile koti lake bado lipo?"

Basi nitauandika mwaka wa lile koti. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na kwa sababu sikuzoea kuandika nimezoea kuwaweka watu kichwani, kila mmoja na jina lake. Dereva wa basi letu la asubuhi pale Agincourt aliitwa Desmond. Jirani aliyekuwa akigonga ukuta kelele zikizidi ni Bwana Chau. Rafiki wa Kabula, msichana wa Kitamil aliyependa mlenda wangu kuliko mjukuu wangu mwenyewe, ni Abirami. Chumba tulilala wawili, mimi na Kabula, vitanda viwili na dirisha linalotazama maegesho ya magari, na chini ya kitanda chake lilikaa sanduku refu jeusi. Ndani yake mlikuwa na tromboni, lile tarumbeta la kusukuma na kuvuta, mali ya shule. Alilipuliza akilitia kizibo mdomoni kwa ajili ya Bwana Chau, na sauti ilitoka kama ng'ombe anayelia ndani ya gunia. Nilimwambia hivyo. Alicheka hadi akakaa sakafuni. Alikuwa msichana wa kucheka, na nalisema hili mapema kwa sababu baadaye sitapata pa kulisema.

Wakati wa baridi watoto wa sekondari wa huku huchagua masomo ya mwaka ujao. Kabula alikuwa anaelekea darasa la kumi na mbili, la mwisho, ambalo alama zake ndizo vyuo vikuu huzitazama. Mwalimu mshauri, Bi Morrow, mwanamke mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha, aliwaita wazazi. Maganga alikuwa zamu ya ghala huko Brampton, tukaenda mimi na mkamwana wangu Rehema. Bi Morrow alieleza, Rehema akinifasiria huku Kabula anaona haya. Kuna masomo ya kawaida, na kuna yale ya juu zaidi, magumu, yanayompa mtoto heshima akiyaweza. Kabula anaweza mawili magumu kila muhula, alisema, kemia na hesabu, baadaye baiolojia na Kiingereza. Fizikia haimwingii, aiache. Na bendi aibakize, kwa sababu mtoto huyu akipuliza saa moja kwa siku, saa nyingine zote zinakaa. Alisema hivyo, zinakaa. Nikamwelewa bila mfasiri. Mtu hapewi ugali mtupu akaambiwa ameshiba, utamkaba. Tulipanda basi kurudi, Kabula akakaa kati yetu, anapiga magoti yake kama ngoma, na Rehema akasema, "Basi imekwisha, tumepanga vizuri."

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa Mzee Pazi. Aliishi na mkewe kwenye nyumba ya chini, chini ya nyumba ya mtoto wao huko Brampton, vyumba vyenye dari ya kugusa kwa mkono na joto la tanuri la kupashia nyumba, linalounguruma nyuma ya pazia. Yeye alikaa kwenye kiti kilichoegemea tanuri hilo, kiangazi na masika, amevaa koti la kahawia lenye mabega mapana kuliko yake, alilonunua siku aliyoshuka ndege. Hakulivua hata akila. Na tulipoanza kushuka ngazi, kabla hata ya salamu, alipaza sauti:

"Haya, wachukuzi wameingia! Mizigo wekeni nje, ndani hamna nafasi!"

"Tupishe, mla nazi," nikamjibu. "Umekaa hapo tangu lini? Tangu ngoma ya mdundiko ya juzi?"

"Wazee wa huyu mama," akawageukia wengine, "walitembea toka Tabora na pembe za ndovu kichwani. Walipofika kwetu wakauliza bahari inauzwaje."

"Na ninyi tuliwakuta mmelala, mnangoja nazi ianguke ndipo mpike."

Ndivyo tulivyoamkiana miaka yote. Bi Mwanaidi alipakua wali wa nazi na kisamvu, nami nikafungua michembe niliyoletewa na msafiri kutoka Tabora, viazi vilivyokaushwa, nikavichemsha na karanga. Pazi alikula michembe yangu akiitukana kila tonge. Sikumpenda mtu yule, lakini sijapata kucheka na mtu kama nilivyocheka naye. Ndio utani ulivyo, hauhitaji kupendana.

Tukiwa tunakula akamnyooshea Kabula kidole. "Na huyu mchukuzi mdogo, mwakani anabeba nini?" Rehema, maskini, kwa fahari akaeleza yote, kemia, hesabu, na bendi. Pazi akasimamisha kijiko.

"Bendi? Kupuliza na kucheza ni kazi yetu Wazaramo, tumepewa na Mungu. Mnyamwezi kapewa kichwa kipana cha kuwekea mzigo. Msichana, umewahi kuona Mnyamwezi bila mzigo? Anatembea upande, kama kuku aliyekatwa bawa! Hayo masomo ya nusunusu waachie wajukuu zangu. Au kichwa hakitoshi? Sema tu kama hakitoshi, mwanangu, tusikuchoshe. Tukutafutie ufagio."

Tulicheka wote. Mtani asipochekwa amevunjiwa adabu. Lakini Maganga alicheka kuliko sisi sote, akapiga paja, akafuta macho. Kabula, ambaye Kiswahili chote anakisikia ila hakisemi, hakumtazama Pazi. Alimtazama baba yake, akangoja kicheko kiishe, nacho kilichukua muda. Akaweka kijiko chini.

"Cheka, mwanangu," Maganga akamwambia. "Ni utani."

Garini, kwenye barabara kuu, Kabula alimwuliza baba yake kwa Kiingereza chake cha haraka amecheka nini. Maganga akajibu taratibu, "Yule mzee anasema kweli kwa mdomo wa mzaha." Nikamrukia. "Maganga! Mtani hasemi kweli wala hasemi uongo, anasema utani. Mweleze mtoto." Akasema, "Mama, naendesha." Rehema akageuza uso dirishani. Mimi niliyaona macho ya mwanangu kwenye kioo. Alitaka binti daktari tangu binti hajaota meno, alikuwa amembembeleza na kumgombeza juu ya fizikia ile, na Kabula alikuwa hatikisiki. Sasa jiwe limerushwa na mkono wa mtu mwingine. Yeye alichotakiwa ni kuliacha pale lilipompata mtoto, asiliondoe. Akaliacha.

Nilimweleza mimi mwenyewe, tukikunja nguo chumbani. Nikamwambia Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, wanatukanana hata msibani, hakuna kukasirika. Pazi ana haki ya kukusema na wewe una haki ya kumjibu. Mjibu. Kabula alikunja fulana ileile mara kadhaa. Akasema, na hapa nafasiri Kiingereza chake, ambacho kwa kulala naye chumba kimoja nimekizoea, "Nimjibu kwa mdomo upi, Bibi? Kiswahili changu cha mtoto wa miaka mitatu. Nikifungua kinywa mnacheka kabla sijasema kitu." Na ilikuwa kweli. Alikuwa akisema "mimi nataka kwenda" kwa lafudhi yake, na meza nzima inaangua kicheko, tena cha mapenzi. Akaniuliza, "Na Baba, yeye anajua mimi sijui kumjibu?" Nikamwambia kunja shuka.

Alibadilisha masomo wiki hiyohiyo. Akaingiza fizikia, akaongeza hesabu nyingine ya daraja gumu kabisa, lile ambalo walimu humwuliza mtoto mara mbili kama amekusudia. Bendi akaifuta. Bi Morrow alipiga simu nyumbani, na Maganga alizungumza naye kwa sauti tamu ambayo sisi wengine hatukuijua, akisema ni chaguo la binti mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Hakudanganya hata neno moja. Tromboni tulikwenda kulirudisha pamoja, mimi na Kabula, kwenye basi la Desmond, sanduku limelala magotini mwetu kama mtoto mgonjwa. Mwalimu wa bendi, Bwana Ferreira, alilifungua, akalikagua, akasema atamtunzia kiti mpaka Septemba, huenda akageuza mawazo. Septemba ilipofika kiti akapewa mvulana anaitwa Owen. Kabula ndiye aliyeniambia jina. Aliniambia kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa na furaha, na hilo ndilo baya. Maganga alirudi kazini akipiga mluzi. Mezani alimwekea binti yake nyama iliyo nono, "Kula, mchukuzi wangu," naye Kabula alikuja kuichukua sahani na kula amesimama karibu na jokofu, kitabu juu ya jokofu. Abirami alikuja mara mbili akaambiwa Kabula anasoma. Mara ya tatu alikula mlenda na mimi, tukazungumza kwa vidole, akaondoka na hakurudi. Nywele za Kabula zilianza kutoka pembeni mwa uso, pale alipokuwa akizivuta akifikiri. Nilizisuka nyuma ili asifikie. Akahamia nyusi. Nilimwambia Rehema, Rehema akamwambia mumewe, mumewe akasema shida ya sasa ni raha ya kesho. Nikamwambia mimi mwenyewe, "Mtoto anajinyofoa nyusi kama kuku anayenyonyolewa." Akaniambia, "Mama, wewe hukusoma." Ni kweli. Sikusoma. Nyusi nilikuwa naziona.

Na Jumapili zetu za Brampton ziliendelea. Pazi hakumsahau. "Mchukuzi, mzigo umekaa sawa kichwani? Au nikuongezee gunia?" Maganga anacheka, Kabula anatabasamu kwa meno, macho hayamo. Siku moja nilikuwa jikoni kwa Bi Mwanaidi nikisuuza vyombo, pazia limeachwa wazi, nikamsikia Pazi akizungumza na mjukuu wake Shomari, kijana wa darasa la kumi na mbili kama Kabula, ila katika shule ya hukohuko Brampton. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya babu. "Wewe usiwaige hao. Shika magumu mawili matatu uyaweze, na mpira wako usiuache. Ukichoka utaniambia. Mwili ni wako, shule itabaki." Maneno yaleyale ya Bi Morrow! Hakuwa mtu mbaya, Pazi. Alimpa mjukuu wake shauri, na mtani wake akampa utani, kila mtu haki yake, na hata leo ukimfufua hatajua kosa lake ni lipi. Nilimsimulia Maganga garini, mbele ya Kabula, maana nilichoka kunong'ona. Maganga akasema, "Kila mtu na mwanawe." Kabula alikuwa nyuma, masikio yameziba kwa muziki. Nilidhani yameziba.

Mtihani wa fizikia ulikuwa mwezi wa kwanza, theluji imefika kiunoni. Mwalimu wake, Bi Grewal, ndiye aliyempigia Rehema simu. Kabula aliingia, akakaa, akaandika jina lake, akalaza shavu juu ya karatasi, akalala. Walipomwamsha muda ulikuwa umekwisha. Hakuwa amezimia wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa amelala tu, na Bi Grewal alisema hakumwamsha mapema kwa sababu alidhani anafikiri. Baada ya hapo mengine yalifuatana kama ng'ombe mlangoni. Hesabu ile ngumu ikaanguka, kemia aliyokuwa akiipenda ikachechemea, na vyuo ambavyo vingemchukua kwa ule mpango wa mwanzo vikamjibu kwa maneno mazuri kwamba hapana. Shomari alipata chuo. Bi Mwanaidi alipika pilau ya hongera, nasi tukaalikwa, na mtani haalikwi akakataa.

Ningemwacha Kabula nyumbani. Baba yake alisema atakwenda, asionekane ana wivu. Tuliposhuka ngazi zile Pazi alikuwa kwenye kiti chake, koti lake, tanuri lake. Alikuwa amekwisha sikia habari, huku habari zetu zinafika kabla ya magari yetu. Akanyanyua mikono yote miwili.

"Kaangusha! Jamani, Mnyamwezi kaangusha mzigo njiani! Tangu dunia iumbwe haijatokea! Mwandikieni mtemi wao kule Tabora, aje achukue mtu wake!"

Angesema nini kingine? Angenyamaza, ingekuwa huruma, na mtani hakuhurumii. Kukuhurumia ni kukutoa kwenye ukoo. Watu walicheka, wengine wakitazama sakafu. Mimi nilifungua kinywa nimjibu kama siku zote. Kabla sijamjibu nilimsikia mwanangu. Alianza kidogo, puani, kisha kicheko kikamtoka chote. Sijui alikuwa anacheka nini. Labda aibu, labda alitaka kuonekana mwanamume. Kabula alisimama pale ngazi ya mwisho na koti lake la baridi halijafunguliwa, akamsikiliza baba yake mpaka akamaliza. Kisha akala pilau, sahani nzima, bila kutua. Kiangazi hicho alihamia Hamilton. Siku hizi hutengeneza lifti, huko juu ya majengo wanakoning'inia kwa kamba, na ananiambia anapenda.

Mezani kwetu hajaketi tena. Mimi alinipigia simu kila Ijumaa, na kila mara alikuwa na maswali ya ajabu, kwa Kiingereza chake. Bibi, mtu anayejidai anaitwaje? Mtu mvivu anasemwaje bila kutajwa uvivu? Wazaramo wanatembeaje? Nilimfundisha. Ninavyo vingi vya namna hiyo, nilivirithi, sikuwa na wa kumwachia. Alirudia baada yangu mpaka ulimi ukalainika. Sikumwuliza ni vya nini. Bibi hamwulizi mjukuu wake anayeomba kisu kama anakwenda kumenya.

Siku ya msiba wanaume walikwenda kuzika, Maganga akiwa kati ya waliobeba jeneza, na sisi wanawake tulibaki nyumba ile ya chini, tumebanana mpaka kwenye ngazi. Kabula aliingia wanaume wakiwa wamekwisha rudi, wamekaa na sahani zao. Nyusi zake zimeota. Alimsalimia Bi Mwanaidi shikamoo, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia la tanuri, na alipotoka alikuwa ndani ya lile koti la kahawia, mabega yamemzidi, kofia imekaa upande. Akatembea kama Pazi, tumbo mbele. Akakaa kwenye kiti chake.

"Haya, wachukuzi wameingia!" akasema, na sauti ilikuwa yake marehemu, hata ile mikwaruzo. Bi Mwanaidi aliangua kicheko na machozi kwa pamoja. "Mnaniangalia nini? Miaka yote mimi nimekaa hapa, nimewaambia Wanyamwezi wabebe. Mmoja kabeba, nikamcheka. Kaangusha, nikamcheka. Leo, watani, nani kabebwa?" Akajipiga kifua. "Mimi! Na aliyenibeba nani? Mnyamwezi! Maganga, nilikuwa mzito?"

Watu walikuwa hoi. Walijifuta macho kwa kanga, walipigana mabegani. Maganga alisema, "Kabula," kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa mzito kuliko fizikia?"

Hapo hata wasiojua habari walicheka. Shomari aliinama, uso mikononi. Na Bi Mwanaidi, kama desturi inavyotaka, akasimama mbele ya kile kiti na kumwuliza mtani anataka kitu gani ili awaachie marehemu wao apumzike, maana mtani haondoki bila kupewa. Watu wakataja vitu, kuku, kanga, hilohilo koti. Kabula akatikisa kichwa. Akainyoosha shingo kuwapita wote, akamtazama baba yake kule ngazini, na sauti ya Pazi akaiacha, akabaki na yake.

"Sitaki kitu," akasema, kwa Kiswahili safi. "Nataka Baba acheke."

Wote wakamgeukia. Maganga alikuwa na tonge mkononi.

"Cheka, Baba," akamwambia. "Ni utani."

Angefanyaje? Msiba umejaa, mjane anangoja, mtani kadai haki yake. Mwanangu akacheka. Kabula alimsikiliza, mikono juu ya mikono ya kiti, na kicheko kilipopungua hakusogea, kikabidi kianze tena, na tena, mpaka kikageuka kikohozi na Rehema akaenda na maji. Ndipo akasimama, akalivua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi Bi Mwanaidi. Akaja akakaa kwenye mkeka ubavuni mwangu, akauliza kama nimeleta michembe.